Throto bodi pana kwenye Hilux ya petroli: uzoefu wangu

Nimefunga throto bodi pana, yaani kile kifaa chenye tundu na kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta ili hewa iingie kwenye injini, kwenye pikapu yangu, Toyota Hilux ya petroli yenye injini ya 3RZ, na nimeshaitumia kwenye jua na mvua kiasi cha kuweza kuisemea. Gari limekuwa jepesi mguuni. Nguvu ya kupandisha mzigo mlimani imebaki ileile. Anayetafuta wepesi atafurahi kama ninavyofurahi mimi. Anayetafuta nguvu aanzie kwingine, na nitasema wapi.

Kazi yangu ni kusambaza saruji hapa Dar es Salaam. Napakia Wazo, nashusha Madale, Goba, Mbezi, mpaka Kinyerezi mteja akiita. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani nzima, na anayeijua milima ya Goba anaijua. Ukiwa giya la pili na tani hiyo mgongoni, injini haizunguki sana, mara nyingi ni 2,000 na kitu kwa dakika. Basi tupige hesabu. Injini ya 3RZ ina cc 2,693, nayo ni ya mipigo minne, maana yake kila ikizunguka mara mbili inavuta hewa ya ujazo wake mara moja. Kwa mizunguko 2,000 haiwezi kuvuta zaidi ya lita 2,700 hivi kwa dakika. Ikifika 4,800 inataka karibu lita 6,500. Throto bodi ya kiwandani imepimwa kwa ajili ya hicho kiwango cha juu, kwa hiyo kule Goba tundu lake bado lina nafasi tele. Kulipanua hakuiongezei injini pumzi ambayo haikuihitaji.

Sasa mbona watu wanaapa kwamba gari limeongezeka nguvu? Kwa sababu ya mguu. Upana ukiongezeka kidogo, eneo linaongezeka sana: tundu la milimita 60 likipanuliwa kuwa 65, eneo lake linakua kwa asilimia 17 hivi. Ukikanyaga mafuta kwa kiasi ulichozoea, hewa inayoingia ni nyingi kuliko zamani, na gari linachanganya mapema. Raha yake naipenda kwa kweli, hasa nikirudi mtupu na kuingia barabara kubwa pale Tegeta. Ukikanyaga mpaka chini, ile tofauti karibu yote inayeyuka.

Kwenye foleni wepesi huo huo unageuka usumbufu. Ubungo au Mwenge, pale unapotaka gari litambae hatua mbili tu, pikapu inaruka. Inabidi ujifunze upya kukanyaga kwa ncha ya kiatu, na ukimpa dereva mwingine gari, mwambie kabla hajaondoka.

Ufungaji ndiyo sehemu inayotofautisha fundi na fundi. Nilifungiwa Gerezani, na fundi yule namheshimu kwa jambo moja: alikataa kufunga kabla ya kupima mdomo wa menifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Throto bodi ikiwa pana na mdomo wa menifoldi ukabaki mwembamba, hewa inagonga ukingo na upana ulioununua haukusaidii kitu. Alifungua menifoldi yote akaichonga mezani, akaiosha, akaweka gasketi iliyokatwa kwa kipimo kipya. Msikubali ichongwe ikiwa imefungwa kwenye injini, ndugu zangu. Unga wa aluminiamu ukiingia kwenye silinda, hasara yake ni kubwa kuliko bei ya kifaa chenyewe. Baada ya hapo alihamisha sensa ya throto na kuitegesha upya, akasafisha vali ya silensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta), akarekebisha waya wa mafuta usining'inie wala usikaze. Silensa ilikuwa juu mwanzoni, ikashuka alipoitegesha tena sensa. Gari likitoka gereji silensa ikiwa inapanda na kushuka, rudi hapohapo. Mara nyingi ni hewa inapenya kwenye gasketi.

Kuhusu mafuta, sijaona nafuu yoyote, wala sioni itoke wapi.

Kifaa na ufundi vilikaribia bei ya tairi mbili mpya za nyuma. Kabla hujazitoa hizo fedha, mwombe fundi afunge geji ya vakyumu (inayopima mvuto wa hewa) kwenye menifoldi, kisha mwende mahali pa wazi ukanyage mafuta mpaka chini, injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu. Geji ikisoma karibu na sifuri, throto uliyonayo haibani hewa, na pana zaidi haitakupa nguvu. Ikionyesha vakyumu kubwa, kuna kinachobana: anza na eya klina (kichujio cha hewa), maana vumbi la barabara za ndani huku kwetu linaiziba upesi, halafu ndiyo uitazame throto. Na hiyo throto ya zamani ifunguliwe isafishwe. Yangu ilikuwa na masizi meusi nyuma ya kibati, na kusafishwa tu kulirudisha sehemu kubwa ya uchangamfu niliokuwa nautafuta. Wenye pikapu za dizeli hili haliwahusu. Dizeli inaongozwa na kiasi cha mafuta yanayopulizwa, si kwa kubana hewa.

Kwa injini iliyokwisha kubadilishwa kemshafti (mhimili unaofungua vali) na mfumo wa moshi, inayozungushwa juu muda mrefu, ningesema nunua bila wasiwasi. Kwa Hilux ya saruji isiyoguswa kitu kingine, fedha hiyo ningeipeleka kwanza kwenye plagi, eya klina, klachi na tairi. Mlima wa Goba unapandwa kwa hivyo.