Injini ya Ndege ya Mfano: Ipime Pamoja na Eksozi Kabla ya Kulipa

Wasomaji wawili wa hapa Tanga wameniletea lalamiko moja. Kila mmoja alinunua injini ya daraja la 46 kwa ndege yake ya kujifunzia, akaifunga, kisha akakuta pua imeinama kiasi cha kulazimika kubandika vipande vya risasi, ile metali nzito, mkiani ili isawazike. Wote waliamini gramu 375 zilizoandikwa kwenye tangazo la muuzaji.

Nguvu na kasi ya mzunguko sitazigusa, kwa kuwa hakuna tangazo lisilozitaja. Kinachofichwa ni uzito kamili. Gramu 375 ni uzito sahihi wa O.S. 46AX, injini ya daraja la 46 ya kampuni ya Kijapani ya O.S., ikiwa haina eksozi. Ukiifunga eksozi yake, mizani inasoma gramu 489. Hapo bado hujaweka propela, nati, mauntingi (kishikio cha kufungia injini kwenye ndege) wala bolti zake. Ndege hutakiwa kutulia sawa, tangi likiwa tupu, kwenye sehemu iliyo kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Tuseme eksozi imekaa sentimita 20 mbele ya sehemu hiyo, na mkia uko sentimita 60 nyuma yake: gramu 114 za eksozi zitadai gramu 38 za risasi mkiani. Kwa hiyo ndege inabeba gramu 152 ambazo mnunuzi hakuambiwa, na bawa ni lile lile.

Namba 46 nayo isikudanganye. Inataja ujazo tu, yaani inchi za ujazo 0.46, ambazo ni kama sentimita za ujazo 7.5. O.S. 46LA ina ujazo huo huo, lakini bila eksozi ina takriban gramu 270, kwa sababu shafti yake huzunguka ndani ya bushi badala ya beringi na mwili wake ni mwepesi zaidi. Kwenye ndege yenye pua fupi, wepesi huo unaweza kukugeukia, kwani utalazimika kujaza risasi puani.

Chaguo langu la kwanza linabaki kuwa O.S. 46AX, na sioni haya kusema kwamba naipendelea kampuni hii, ambayo Shigeo Ogawa aliianzisha Osaka, Japani, mwaka 1936. Sababu yangu kubwa ni vipimo: 55AX ya kampuni hiyo hiyo, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 8.93, hukaa kwenye mauntingi ile ile na huongeza takriban gramu 30 tu, hivyo anayetaka nguvu zaidi baadaye hatoboi matundu mapya kwenye ukuta wa injini. Hata hivyo, pima kwa rula eksozi inatokeza kiasi gani ubavuni kabla ya kukata boneti.

Ya pili ni 46LA, ukiipata ikiwa nzima, kwa ndege nyepesi yenye pua ndefu.

Ya tatu ni DLE-20 ya petroli, ambayo inafaa ndege kubwa peke yake. Faida yake kwetu ni kwamba petroli iko kila kituo cha mafuta, wakati methanoli ya injini za plagi ya joto, kama 46AX na 46LA, ni ya kutafutwa. Mtengenezaji ameorodhesha kila kipande: injini gramu 650, eksozi 50, mtambo wa cheche 120, jumla 820 kabla ya betri. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam amenakili 650 peke yake.

Injini za bei rahisi za daraja la 46 zinaruka, lakini usinunue yoyote ambayo muuzaji hakubali kuiweka kwenye mizani.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba uzito kamili unajulikana vizuri sana siku ya kulipia usafiri. Wakala wa mizigo hupima injini, eksozi, boksi na hata karatasi za kufungia, kisha hutoza kwa kilo. Muuzaji huyo huyo aliyeandika gramu 375 hukuletea risiti ya mzigo unaozidi nusu kilo, na ukimuuliza anasema hicho ni kipimo cha kiwandani. Mdai picha ya injini ikiwa juu ya mizani, eksozi imefungwa na propela ya 11x6 (kipenyo inchi 11, pichi inchi 6) imewekwa, namba zikisomeka, kabla hujatuma hata shilingi ya kianzio.