Kassovitz wa La Haine na Kassovitz wa Babylon A.D.

Ukiambiwa filamu hizi mbili zimeongozwa na Mfaransa mmoja, Mathieu Kassovitz, utabisha. La Haine ya 1995 ni nyeusi na nyeupe tupu. Inawafuata Vinz, Saïd na Hubert kwa takribani siku moja, katika mitaa ya maghorofa nje ya Paris, baada ya rafiki yao kujeruhiwa mikononi mwa polisi. Vijana wanazurura, wanataniana, wanagombana, basi. Lakini ile bastola ya polisi aliyoiokota Vinz inakunyima raha hadi sekunde ya mwisho. Kassovitz alikuwa na miaka 27 tu alipotwaa tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes.

Babylon A.D. ya 2008 ina fedha, mwigizaji Vin Diesel na milipuko. Msichana anasindikizwa kupitia Urusi hadi New York. Kwa nini hasa, filamu yenyewe inababaika kueleza. Kassovitz aliilalamikia hadharani, akiwalaumu wakubwa wa studio. Mimi namhurumia nusu tu, maana hata mapigano yamechezwa ovyo.

Una jioni moja? Kaa na vijana watatu. Ya Diesel itazame huku unapiga pasi.