Kuongezewa damu Dodoma: huduma nzuri, kumbukumbu zimebaki Dar

Mwanangu ana selimundu. Wizara zilipohamia Dodoma tulimfuata baba yake, na sasa mtoto anatibiwa katika hospitali kubwa mojawapo ya hapa. Sitaitaja, kwa sababu shida ninayoieleza si yao peke yao.

Huduma yenyewe nimeipenda. Wauguzi wawili wanalinganisha jina la mtoto na lebo ya uniti (mfuko wa damu) kabla ya kuitundika, na robo saa ya kwanza hawabanduki kitandani: wanapima joto, wanahesabu mapigo, wanamuuliza mtoto anajisikiaje.

Kilichonitoa jasho ni kumbukumbu. Dar walishagundua kwamba, kutokana na damu alizoongezewa huko nyuma, mwili wake umetengeneza kingamwili (askari wa mwili) dhidi ya E, alama iliyo kwenye chembe nyekundu za damu za baadhi ya watu. Maana yake, si kila damu ya O chanya inamfaa. Lazima itafutwe isiyo na E. Barua ya uhamisho ilitaja kundi la damu tu. Habari ya kingamwili ilibaki kwenye daftari la maabara ya damu.

Si apimwe upya? Alipimwa, na hakikuonekana kitu. Ndipo hatari ilipo. Miezi ikipita, kingamwili hupungua hadi kipimo hakizioni, lakini mwili haujasahau. Ukipewa tena damu yenye E, siku kadhaa baadaye unazivunja chembe zile: macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mweusi, na damu inashuka tena, pengine chini ya pale ulipoanzia.

Mtaalamu wa maabara hakunipuuza. "Mama, nakuamini, ila nahitaji maandishi." Akaiweka kando uniti iliyokuwa tayari, akapiga simu Dar. Hawakumpata mtoto: kule ameandikwa majina mawili, hapa matatu kama cheti chake cha kuzaliwa, na namba za faili hazihusiani. Walipompata kwa tarehe ya kuzaliwa, wakataka barua rasmi kabla ya kutoa majibu. Siwalaumu, siri ya mgonjwa ni haki yake. Lakini Hb (kiwango cha damu) ya mwanangu ilikuwa 5 tu, nami natafuta mhuri koridoni! Majibu yalikuja usiku, na damu isiyo na E ikapatikana.

Maabara nawapa nyota tano. Uhamishaji wa kumbukumbu, moja. Kadi ya bima ya mtoto inatambulika hospitali zote mbili kwa namba ileile. Naomba kingamwili zisomeke kwa namba hiyo pia, popote atakapolazwa.

Wazazi wenzangu, msisubiri hilo. Kabla ya kuhama, nendeni maabara ya damu, si wodini tu, mwombe karatasi yenye mhuri: kundi, kingamwili zilizowahi kuonekana hata kama sasa hazionekani, na tarehe ya mwisho ya kuongezewa. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa.