Nimekulia ziwani, nikalipa nauli kwenda kuliona: siku nne Chembe, rasi ya Nankumba

Niseme mapema: mimi ni mtoto wa Kyela. Ziwa Nyasa nimeliogelea kabla sijajua kusoma, nimetumwa kuchota maji yake kwa ndoo, na usipa wake, dagaa wa huku kwetu, nimeula mpaka nikauchoka. Kwa hiyo mke wangu aliposema likizo hii twende Malawi tukapumzike ziwani, nilicheka. Ziwa lipi? Hili hili? Tusafiri siku tatu, tulipe na kiingilio, kwenda kutazama maji ya nyumbani?

Yeye ni mtu wa Dodoma. Tulienda.

Tulivuka Kasumulu asubuhi, tukarudisha saa nyuma kwa saa moja kama inavyotakiwa ukiingia Malawi, tukalala Mzuzu, kisha Lilongwe, siku ya tatu tukafika Monkey Bay. Kuna njia ya kistaarabu zaidi, meli ya Ilala, ambayo ilianza kazi ziwani 1951 na bandari yake ni hapo hapo Monkey Bay, ila ratiba ya meli na ratiba ya likizo ya mwajiriwa ni vitu viwili tofauti. Kutoka Monkey Bay hadi Chembe ni mwendo usiofika kilomita 20, na tuliumaliza nyuma ya pikapu tukiwa tumekaa juu ya magunia na kreti za soda. Usafiri huo wenyewe wanauita matola. Mke wangu aliufurahia kuliko mimi.

Rasi ya Nankumba ni kama kidole cha milima ya mawe kilichochomoza ziwani huko kusini kabisa, na Chembe ni kijiji kilichojibanza kwenye ghuba karibu na ncha yake. Kwenye ramani utakuta jina Cape Maclear, alilolitoa Livingstone kwa heshima ya rafiki yake Thomas Maclear, mtaalamu wa nyota. Na ziwa lenyewe ukiliita Nyasa wanakuelewa, halafu wanakusahihisha kwa upole: Ziwa Malawi. Serikali zetu mbili bado zinavutana kuhusu mpaka. Mimi nilikubali jina lolote nililopewa, maana nilikuwa nasubiri chakula.

Sehemu kubwa ya rasi pamoja na visiwa vyake ni hifadhi ya taifa tangu 1980, na mwaka 1984 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Usiende ukitegemea tembo. Utaona pimbi, nyani, kenge, na fisi maji ukibahatika, lakini wanaolindwa hasa ni samaki: mipaka ya hifadhi inaingia majini mita 100 kutoka ukingoni. Na usitegemee ufukwe mtupu wa kujilaza peke yako. Kijiji kipo pale pale mchangani. Asubuhi ukitoka kwenye chumba unakuta akina mama wanasugua sufuria kwa mchanga, watoto wanaoga, wavuvi wanakung'uta nyavu, na vichanja vya usipa vimepangwa kuelekea jua. Wageni wawili wa kambini kwetu walilalamika kuhusu harufu. Mimi nilivuta pumzi ndefu, nikamkumbuka bibi yangu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Siku ya pili kijana wa boti alitupeleka Otter Point, mwishoni mwa rasi, mahali ambapo mawe makubwa kama nyumba yameteremka kutoka mlimani mpaka ndani ya maji. Akatupa miwani ya kuzamia na bomba la kupumulia. "Achimwene, kichwa chini tu, usipige miguu sana," akaniambia. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimezaliwa kwenye maji haya. Nikainamisha kichwa, na nadhani sikukiinua kwa nusu saa.

Kuna samaki wa bluu iliyokoza mwenye mistari myeusi. Wa njano kama embe dodo. Mwingine rangi ya chungwa yenye madoa, kana kwamba amerushiwa rangi na fundi mlevi. Wanaitwa mbuna, na wamejaa kila jiwe, wanakwangua ukoga wa kijani kwa midomo, wanafukuzana, wanakuja hadi kwenye kioo cha miwani kukukagua. Mkono wangu niliuweka juu ya jiwe, nikahisi kitu kinanidonoa vidoleni, kidogo kidogo, kama kifaranga.

Jamii yao humu ziwani ina spishi zaidi ya 350, na ukiacha chache sana, hazipo mahali pengine popote duniani. Kijana wa boti alinieleza sababu kwa njia ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza. Mbuna ni samaki wa mawe, hapendi kabisa mchanga mtupu. Kati ya kundi hili la mawe na lile kuna uwanda wa mchanga, na kwake uwanda huo ni kama bahari kwa mbuzi. Basi kila kundi limebaki kwenye mawe yake, vizazi na vizazi, mpaka rangi zikatofautiana na mwishowe wakawa samaki tofauti. Kisha akanionyesha jike mmoja aliyejificha kwenye ufa, taya limevimba, hali, hafukuzani na mtu. Alikuwa amebeba mayai mdomoni. Atakaa hivyo wiki kadhaa, mpaka vifaranga viwe tayari, na hata akishavitema, hatari ikitokea vinakimbilia humo humo mdomoni.

Nimeishi na ziwa hili miaka thelathini na tano. Nilikuwa nalijua kwa juu tu.

Mchana kijana yule alitupikia chambo wa kuchoma kisiwani Thumbi, na nsima, ambayo ni ugali wetu ila laini zaidi. Halafu akatuonyesha kwazi, yule tai anayekula samaki. Anachukua kasamaki, anakachomeka kipande cha kijiti chepesi mdomoni ili kasizame, anapiga mbinja, anarusha. Ndege anajiachia kutoka kwenye mti, anashuka kimya kabisa, makucha yanagusa maji kwa mkupuo mmoja na amekwenda. Ni picha nzuri, kila mtu anaipiga. Mimi nilijiuliza tu kama kwazi huyo bado anavua mwenyewe siku ambazo hakuna wageni.

Siku ya tatu niliharibu mambo. Nilikodi kayaki, nikajifanya mwenyeji, nikapiga makasia kuelekea kisiwani peke yangu wakati wenye akili zao wanarudi. Ilikuwa mwisho wa Agosti, na mwera ulikuwa haujamaliza kazi yake. Kwetu pia tunaujua upepo huo wa kusini, lakini nilikuwa nimezoea kuutazama nikiwa nchi kavu. Kufikia saa sita mawimbi yalikuwa yananipiga ubavuni, nikageuza, na safari iliyonichukua dakika arobaini kwenda ilinichukua zaidi ya saa mbili kurudi, mikono imechubuka. Mke wangu alikuwa amesimama ufukweni na wavuvi wawili waliokwisha kuanza kusukuma mtumbwi kunifuata. Hakusema kitu mpaka usiku. Ukitaka kupiga makasia, toka alfajiri na urudi kabla jua halijapanda. Na kama unaweza kuchagua, Septemba mwishoni na Oktoba maji hutulia, ingawa joto nalo huwa la kuchemsha.

Malazi yetu yalikuwa ya wastani. Kibanda cha nyasi, kitanda kizuri, chandarua chenye tundu ambalo mke wangu alilifunga kwa bendi ya nywele. Maji ya bomba yalikuja yanapojisikia. Beba fedha taslimu za kutosha, kwa sababu mashine ya kadi pale kambini ilikuwepo kama pambo.

Lakini kuna jambo moja siwasamehe watu wa kambi. Niliwauliza kuhusu kichocho, wakajibu kwa kujiamini: hapa hakuna, labda huko kijijini. Si kweli. Eneo hili linajulikana kwa kichocho, na watafiti wamelihusisha tatizo hilo na uvuvi wa kupita kiasi kwenye maji mafupi, uliopunguza samaki wanaokula konokono. Konokono wakizidi, vimelea navyo vina pa kukaa. Sisemi usiogelee, kwenda Chembe usiingie majini ni sawa na kwenda harusini ukae nje. Ila jua unaingia wapi, na ukisharudi nyumbani subiri wiki sita hadi nane, ukapime, maana ukipima mapema majibu yanaweza kukudanganya. Sisi tulipima. Mimi sikukutwa nacho, mke wangu alikutwa, akameza praziquantel akalala mchana mzima na kizunguzungu, na anasema atarudi mwakani.

Kabla ya kuondoka tulipita kwenye makaburi ya wamisionari, nyuma kidogo ya ufukwe, chini ya mlima. Waskochi wa Free Church walifika hapa 1875 na meli ya mvuke iliyobebwa vipande vipande kupita maporomoko ya mto Shire. Nayo iliitwa Ilala. Malaria ikawafyeka. Mwaka 1881 waliobaki wakahamia Bandawe, kaskazini zaidi. Mahali penyewe pamekaa kimya, mawe machache na majani makavu. Tulikaa dakika kumi, nikamfikiria mtu aliyetazama maji yale mazuri huku anatetemeka kwa homa, halafu tukawahi matola.

Miwani na bomba nilinunua vyangu Lilongwe wakati wa kurudi. Desemba tulipokwenda kusalimia wazee, nikavichukua hadi Matema, kwenye mawe ya kuelekea Ikombe, pale pale tulipokuwa tunaruka tukiwa wadogo. Watoto walinizunguka wakauliza kama baba nimedondosha simu. Nikawaambia hapana, nikainamisha kichwa. Walikuwepo, bluu na njano, kila jiwe. Nilipotoka nikamvalisha miwani mmoja wao, mrefu kuliko wenzake, nikamwambia kichwa chini tu, usipige miguu sana. Miwani niliipata jioni.