Marangu hadi Mandara kwa siku moja: usikubali kunyimwa Maundi

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo. Safari ya siku moja ya Mlima Kilimanjaro, kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, inalipa, mradi Maundi, kreta ya zamani iliyo jirani na vibanda hivyo, imo ndani yake. Ikikosekana Maundi, umelipia matembezi ya msituni. Mazuri, lakini ya msituni.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mapafu yangu yamezoea upepo wa bahari, magoti yangu yameshapita hamsini, na kilele cha Uhuru sina hamu nacho. Nilikwenda na shemeji yangu, Mchagga wa Marangu hapohapo, aliyekulia miguuni mwa mlima na hajawahi kuvuka lile lango. "Mlima tunauona kila asubuhi, shemeji, tuufuate wa nini?" Ndivyo alivyonung'unika ndani ya Hiace ya kampuni ya utalii tangu Himo.

Langoni, kwenye mita 1,860 hivi, mambo yalikwenda vizuri. Njoo na kitambulisho, maana Mtanzania analipa kwa shilingi na kiwango chake kiko mbali sana na cha mgeni. Noti usizitegemee, malipo ni kwa namba ya kumbukumbu au kadi. Maji beba kwenye chupa ya kudumu, kwani hizi za plastiki za kutupa haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Na kuongozwa ni lazima, hata kama mlima ni wa babu yako.

Njia ni kama kilomita 8 za kupanda taratibu. Wapagazi wana barabara yao, ninyi mnapita kijia cha pembeni, na hicho ndicho kitamu. Miti imefunikwa kuvumwani, kama ndevu linaloning'inia matawini, kijito kinasikika muda mwingi bila kuonekana, na baridi inakuingia kabla hujamaliza kutoa jasho. Mbega tuliwaona juu kabisa, weusi kwa weupe, wakituangalia bila haraka. Kijana aliyetuongoza alitusimamisha kwenye kiua chekundu chenye njano, kimejikunja mfano wa mkonga wa tembo, akasema hakioti kwingine kokote duniani ila mlima huu. Huyo kijana kwa maelezo nampa alama zote. Habari za Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa Marangu anayetajwa kuwa aliwaongoza Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, Wazungu wa kwanza kufika kileleni, mwaka 1889, alizisimulia kana kwamba alikuwepo.

Chakula sasa. Kisambioni, katikati ya njia, kuna meza na vyoo, tukafungua maboksi. Kipaja cha kuku kilichokauka, yai, juisi ya pakiti na ndizi moja yenye madoa. Ndizi moja! Tumepita kihamba baada ya kihamba, mashamba ya migomba ya Wachagga, tangu kwenye gari, halafu mnanihesabia ndizi?

Mandara iko mita 2,720. Ni vibanda vya mbao vyenye paa linaloshuka hadi karibu na ardhi, safi, na kunguru wa shingo nyeupe wanakusubiri udondoshe kitu. Jina ni la Mangi, yaani mtawala wa Kichagga, Rindi Mandara wa Moshi, na hapo shemeji akachachamaa: "Mangi wa Moshi anatafuta nini huku kwetu kwa Marealle?" Marealle alikuwa Mangi wa Marangu. Ugomvi wa karne ya kumi na tisa, lakini kwake ulikuwa wa juzi.

Ndipo kijana akasema tugeuze, eti mawingu. Mkataba ulitaja Maundi kwa jina. Nikamwonyesha kwenye simu, akacheka, akakubali. Inavyoonekana ni mazoea, wengi hawajui cha kudai. Ni robo saa tu kutoka vibandani. Unatoka msituni ghafla, unapanda ukingo wa kreta ya zamani iliyoota nyasi na maua, na mlima unajitokeza. Kilele cha Mawenzi kimechongoka upande mmoja, kile cha Kibo na theluji yake nyuma. Ukigeukia mashariki, chini kabisa, Ziwa Chala na tambarare za Taveta, Kenya. Shemeji aliyeuona mlima kila asubuhi alikaa kwenye nyasi akipiga picha hadi simu ikazima.

Kupanda kulituchukua asubuhi nzima na kushuka ni kama nusu yake, ila kushuka ndiko kunakotesa magoti. Fimbo ni muhimu kuliko viatu vya bei. Machi hadi Mei msiende, matope yatawafika vifundoni. Na kichwa kikiuma kidogo kule Mandara usishangae, kimo kile kinatosha kumgusa mtu wa pwani.

Njia nyota tano, mwongozaji nne, kampuni mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya dereva, aliyekubali kusimama Marangu Mtoni tukanywa mtori wa moto.