Ajenti waliotupeleka Thailand kufundisha: nyota 3 kwa 5

Upande wa kazi wako vizuri kabisa, siku nne tu baada ya intavyuu nikapata ofa ya kufundisha Kiingereza Chiang Mai, wakanielekeza mtihani wa Kiingereza wa TOEIC na viza ya kazi, Non-B, nikaichukulia hapa hapa Nairobi kwa ubalozi wa Thailand. Shida ni familia. Waliniambia mke na watoto watanifuata baadaye tu, kumbe viza yao ya familia, Non-O, inataka cheti cha ndoa na vya kuzaliwa, vikiwa vimethibitishwa, na mimi niko huko makaratasi yako Nakuru kwenye sanduku la mama mkwe! Miezi minne kijana wangu anashika simu karibu na uso ananiuliza baba unakuja kutuchukua lini, aki niliumia sana. Karo ya watoto nayo hawakuitaja hata siku moja. Kama uko singo watumie, wenye familia daini orodha yote kwa maandishi kabla ya kulipa. Na ile ripoti ya kila siku 90 ya kuwaambia uhamiaji unakoishi msisahau, ukichelewa faini ni baht 2,000 (pesa ya Thailand).