Banda la mpira la Ami, Maweni Malindi: rivyu ya mteja wa miaka mingi

Wiki jana abiria wangu mmoja wa tuktuk kaniuliza wapi Malindi hapa mtu anaweza kuona Champions League bila kulipa bei ya hoteli, nikampeleka kwa Ami Maweni, na kurudi nikawaza mbona hili banda sijawahi kuliandikia hata mstari mmoja na mi nakaa hapo karibu kila wiki. Basi leo naandika, itakua ndefu mnivumilie.

Banda lenyewe halina kibao wala jina. Ukifika Maweni we ulizia tu kwa Ami wa mpira. Juu makuti, nguzo ni boriti za mkoko, ukuta mmoja umepakwa chokaa nyeupe ndo skrini ya projekta, pembeni kuna tivi mbili kukiwa na mechi zinazogongana. Mabenchi ya mbao, mbele mkeka wa watoto. Kiingilio shilingi 30 mechi ya ligi, 50 Champions League, na ukitaka kadi ya mwezi utaongea na Ami mwenyewe, hana bei moja, anamuangalia mtu na kazi yake. Nje pale mlangoni bi mkubwa wake anakaanga viazi karai, na hapa naomba nisimame kidogo manake viazi vya huyu mama ni kitu kingine, unga wake mwepesi haufichi kiazi, ndani kimeiva mpaka kinavunjika chenyewe, na ule ukwaju anaupika na pilipili ya mbuzi, hautoi kwenye chupa. Shilingi 50 umeshiba. Chai ya tangawizi mpaka hafutaimu tu, baada ya hapo birika imekwisha na hapiki nyingine, kwahivyo uwahi.

Lakini hivyo vyote utapata na kwengine. Kilichonifunga mi kwa Ami ni kwamba yule mzee anafungulia mechi hata mkiwa wawili. Mabanda mengi hapa mjini wanaangalia kama ni Arsenal, Man U, Chelsea, Liverpool, kama si hao tivi inawekwa muziki. Ami ukimwambia nna timu yangu inacheza saa tano usiku na hakuna anayeijua, atakuuliza moja tu, wewe utakuja kweli? Ukisema ntakuja anawasha.

Mi timu yangu ni Atalanta. Najua wengi watashangaa, sisi Malindi Wataliano tumeishi nao miaka, kitaliano chao tunakiongea, lakini timu zao watu wanajua Juventus, Milan, Inter basi. Mi kuna mzee mmoja Mtaliano wa Bergamo nilikua namuendesha kila msimu akija, kuanzia Disemba mpaka kaskazi inaisha, na njia nzima ni Atalanta tu, timu ya 1907, timu ya mji mdogo wa watu laki moja na kidogo, haijawahi kuchukua ligi hata mara moja. Akanipa jezi nyeusi na buluu. Msimu wa 2019/20 ndo mara yao ya kwanza kuingia Champions League, wakapigwa mechi tatu za mwanzo zote, Dinamo Zagreb wakawapiga nne, Manchester City wakawapiga tano, halafu wakainuka wakavuka kwenye kundi, hata sisi tulikua hatuamini. Kwenye ligi wanafunga mabao kama mvua ya masika, Torino walipigwa 7 kwao, Milan 5. Kocha Gasperini alikua hajui kukaa nyuma kulinda.

Tarehe 19 Februari 2020 wanacheza na Valencia. Uwanja wao Bergamo haukuwa na sifa za UEFA basi mechi wakaipeleka San Siro Milan, na zaidi ya watu elfu 40 wakaenda. Kwetu ilikua saa tano usiku. Banda zima tulikua sita, mi, yule mzee wa Bergamo, Ami, na vijana watatu waliokuja kwa ajili ya viazi. 4-1! Hateboer mbili, Ilicic, Freuler. Mzee analia anacheka, ananionyesha simu, ndugu yake yuko ndani ya San Siro anamtumia video, na yeye anasema kwanini nimekuja Malindi mwaka huu. Ami akampa chai bure.

Siku mbili tu baadaye Italia wakaanza kugundua wagonjwa wa korona huko huko Lombardia, mkoa wenye Bergamo na Milan. Baadaye mpaka meya wa Bergamo, Giorgio Gori, akasema ile mechi ilisaidia kusambaza ugonjwa, watu wamejazana kwenye mabasi, wamekumbatiana, na Valencia nao wakatangaza asilimia 35 ya wachezaji na wafanyakazi wa kikosi wamepatikana nao. Lakini usiku ule nani angejua. Tulikua tunakumbatiana na sisi hapa Maweni.

Mzee alirudi kwao mwisho wa Februari. Mechi ya marudiano ikawa tarehe 10 Machi, Valencia, uwanja mtupu. Hiyo mi sitaisahau manake ndo mara ya kwanza kuona viti vitupu vyote na mpira unachezwa, unasikia wachezaji wanavyoitana, Ami akadhani sauti ya tivi imeharibika akawa anagongagonga spika. Ilicic kafunga manne peke yake, 4-3, jumla 8-4, robo fainali. Hakuna aliyepiga kelele sana. Tulikua tunaangalia vile viti. Gasperini alikuja kusema baadaye kwamba siku zile tayari alikua anaumwa.

Ijumaa ya tarehe 13 Machi Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza, na ligi ya Uingereza ikasimama siku hiyo hiyo, ya Italia ilikua imesimama tangu tarehe 9. Sasa hapa ndo msikilize, manake hii ndo rivyu yenyewe. Ami alifunga banda kabla hata hajaambiwa. Alisema nimeona vile viti vitupu, wale hawakuviacha bure. Na sisi wa kadi za mwezi tulikua kama arobaini, tumeshalipa, mwezi haujafika nusu. Jioni nasikia simu inalia, Mpesa, Ami kanirudishia nusu. Karudishia kila mtu. Hakuna aliyemdai! Na huyu ni mtu ambaye hana kipato kingine, mkewe pia viazi vimesimama. Kuna wenye mabanda walikua wanafungulia watu kisirisiri mlango wa nyuma baada ya kafyu kuanza, yeye hakufanya hata siku moja, na vijana walimbembeleza.

Halafu ikaja ile Bergamo ambayo dunia nzima iliiona, malori ya jeshi usiku wa tarehe 18 Machi yanabeba majeneza kuyatoa mjini kwa sababu hakuna tena pa kuyachoma wala kuzika. Mzee akaniandikia ndugu yake yuko hospitali. Chini kaandika maneno mawili, mola mia. Mi nikajua anamuomba Mola, nikampelekea Ami nikamwambia ona, mzee wetu anamuita Mungu. Ami akaitikia Amin, akachukua chaki akaandika kwenye mlango wa banda, MOLA MIA. Baada ya siku mbili tatu mzee akanielezea kwamba hicho ni kilugha cha Bergamo, maana yake usilegee, usikate tamaa. Nikarudi kumwambia Ami. Akasema mwanangu ni sawa sawa, iache hapo hapo. Mpaka leo ipo, ikififia anapitisha chaki tena, ukienda utaiona.

Ndugu yake mzee hakutoka hospitali. Alipatia wapi ule ugonjwa hakuna ajuaye.

Kaunti yetu nzima ya Kilifi ikafungwa tarehe 8 Aprili, hakuna kutoka wala kuingia mpaka Juni, Wataliano hakuna, hoteli zimefungwa, tuktuk yangu napaki siku nzima chini ya mwarobaini. Ami akauza jenereta. Nasema hili kwa sababu wengine watakuja kumlaumu kuhusu stima, subirini nitafika.

Ligi ya Italia ikarudi Juni bila watu, Atalanta wakaanza na kumpiga Sassuolo nne, mwisho wa msimu wako nambari 3, mabao 98. Robo fainali ya Champions League ikawekwa Lisbon, mechi moja tu, 12 Agosti na PSG, saa nne usiku zetu. Kafyu ni kuanzia saa tatu. Banda halifunguliwi, mi kwangu sina king'amuzi, bando la kuangalia mpira kwenye simu silimudu. Nikalala nimekata tamaa.

Saa nne na dakika chache simu ikatetemeka. Ami. Kafungua grupu la WhatsApp la watu wa kadi, yuko kwake mbele ya tivi yake ndogo, anatuma voisi. Anatangaza! Voisi ya sekunde ishirini, anapumzika, nyengine. Mzee wa miaka sitini na kitu, kwa sauti ya chini asiamshe wajukuu. "Papu Gómez anao, anao, kazungukwa huyo." Ilicic hayupo kikosini, akatwambia mapema ili tujue. Dakika ya 27 voisi ikaingia hata maneno haikuwa nayo vizuri, "Pasalic mwanangu! Pasalic!" nikaruka kitandani mke wangu akadhani kuna nyoka. Toka hapo mpaka dakika ya 90 nimekaa na simu mkononi gizani. Akatuma Mbappé kaingia. Akatuma Gómez katoka kaumia. Akatuma zimebaki dakika tano tu, ombeni.

Halafu kimya. Halafu voisi, "Wamesawazisha. Marquinhos." Na baada yake nyengine ambayo haina neno lolote, unasikia tivi kwa mbali na Ami anavuta pumzi, mi nikajua. Choupo-Moting, dakika za nyongeza, 2-1. Mwisho kabisa akatuma moja kwangu peke yangu, "Lala mwanangu. Wamecheza."

Niambieni ni huduma gani ya kulipia itanifanyia hivyo. Na hakuchukua hata senti.

Sasa mabaya yake, manake yapo. Choo ni kimoja na kiko mbali nyuma, usiku ubebe tochi. Mbu msimu wa mvua ni wengi, Ami anachoma udi wa mbu lakini makuti yale yana matundu. Mabenchi ya nyuma hayana pa kuegemea, ukiwa na mgongo mbovu kaa ukutani. Na stima. Tarehe 20 Oktoba 2021, siku Rais Uhuru alipoondoa kafyu, usiku ule ule Atalanta wako Old Trafford, saa nne, banda limefunguliwa usiku kwa mara ya kwanza toka Machi 2020, limejaa mpaka nje, wote Man U, Ami mwenyewe Man U, mi peke yangu na jezi nyeusi na buluu. Pasalic, Demiral, 2-0, nilikua nimesimama juu ya benchi. Wakarudisha moja, mbili, na dakika ya 80 hivi stima ikapotea mtaa mzima. Jenereta hakuna, kashaliuza. Watu walikasirika sana na siwalaumu, bao la Ronaldo tulilisikia kwa simu. Lakini Ami alisimama mlangoni na koroboi akamrudishia kila mtu pesa yake, hamsini hamsini, na kesho yake bado alikua anamtafuta kijana mmoja aliyeondoka bila kuchukua. Sasa ana jenereta nyengine, dogo, linabeba projekta na spika tu, panga boi hazizunguki. Joto utalisikia, mechi utaiona.

Naeleza na ya 22 Mei 2024 ili mjue banda likiwa sawa linakuaje. Fainali ya Europa League, Dublin, Atalanta na Bayer Leverkusen ambao hawajafungwa mechi 51. Mvua ya masika inanyesha, nikajua tutakua sita tena. Nafika, limejaa. Ami kawaambia watu wote wa kadi, leo ni ya mwenzenu. Lookman moja. Lookman mbili. Lookman tatu. 3-0, Mwafrika mwenzetu, kombe la kwanza la Ulaya Atalanta kuchukua na Gasperini bado ni yeye yule. Vijana wa Man U na Arsenal wamenibeba juu wananizungusha chini ya makuti, na Ami kachukua simu yangu kabonyeza voisi, kainyanyua juu, akapiga kelele mola mia na banda zima likajibu. Ikaenda Bergamo. Mzee akajibu na voisi vilevile, honi za magari tupu dakika nzima, na yeye katikati anaita jina la ndugu yake.

Nyota nne na nusu, ile nusu niliyopunguza ni ya choo. Mechi ya saa nne fika saa tatu, na viazi agiza kabla hujakaa.